Shabaka Hutchings: kwa nini aliiweka saksofoni kando, na utunzi wake usikilizwe vipi?

Mpulizaji wa Ngamiani ameuliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari zenu.

Ninafundisha vijana kupuliza saksofoni na klarineti katika bendi ndogo ya mjini kwetu. Wanafunzi wangu wawili wakubwa siku hizi hawana jina wanalolitaja zaidi ya Shabaka Hutchings, mwanamuziki wa jazi wa Uingereza. Walimfahamu kupitia video za bendi yake ya Sons of Kemet, wakavutiwa na jinsi anavyoipuliza saksofoni ya teno kana kwamba anapiga ngoma. Baadaye mmoja wao akasoma kwamba mwanzoni mwa 2023 mtu huyo alitangaza kuwa mwaka ukiisha ataacha kupiga saksofoni hadharani kwa muda usio na kikomo, na kwamba mwaka ulipoisha alitimiza neno lake. Kijana akanijia na swali lililonishinda kujibu: inawezekanaje mtu aliyefika kileleni kwa ala fulani, akajulikana dunia nzima kwa ala hiyo, akaiweka chini akiwa na miaka 39 na afya yake kamili?

Nina maswali mawili, na ninaomba majibu ya watu waliomsikiliza kwa kina. La kwanza ni hilo la kijana. La pili ni langu mwenyewe: huyu bwana anasifiwa kuwa mtunzi, lakini mimi niliyelelewa na muziki wa dansi, ambako gitaa la solo, la kati na la besi kila moja lina kazi yake na sauti zinapangwa kwa uangalifu, ninaposikiliza Sons of Kemet nasikia vipande vifupi vinavyorudiwa juu ya ngoma mbili. Utunzi uko wapi hapo? Sisemi haupo. Nauliza niusikilize kwa sikio gani.

---

Santuri za Babu amejibu:

Marahaba mwalimu, na asante kwa maswali yenye uzito.

Nitaanza na maisha yake, kwa kuwa naona jibu la swali la kijana wako limeanzia mbali sana, kabla hata hajaishika saksofoni. Hutchings alizaliwa London mwaka 1984, na wazazi wake wana asili ya Barbados. Alipokuwa na miaka 6 alihamia kisiwani huko, akakulia huko mpaka ujana. Ala yake ya kwanza, aliyoanza kujifunza akiwa na miaka 9, ilikuwa klarineti. Jambo hili halina budi kusisitizwa, kwa kuwa wengi humwona kama mpuliza saksofoni aliyeamua siku moja kujaribu filimbi, ala aliyoigeukia baada ya saksofoni, ilhali yeye ni mtu wa klarineti ambaye saksofoni ilikuja kumpatia jina.

Barbados ilimfundisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Upande mmoja alipiga katika bendi za kalipso, muziki wa Crop Over, ile sikukuu ya kisiwa kizima iliyotokana na kumalizika kwa mavuno ya miwa. Upande wa pili, nyumbani, alikuwa akipuliza klarineti juu ya midundo ya wachanaji wa Marekani, Nas, Notorious B.I.G. na Tupac. Fikirieni kijana anayejifunza mwendo wa sentensi ya muziki kutoka kwa watu wanaosema kwa kasi, wanaokata maneno na kuyapanga juu ya mdundo, badala ya kujifunza kwa kunakili milolongo ya noti za wapiga jazi wa zamani. Sikio lililolelewa hivyo litauona mdundo kuwa ndiyo lugha yenyewe, na noti zitafuata baadaye.

Alipofika miaka 16 akarudi Uingereza, safari hii Birmingham, na hapo akakutana na mpuliza saksofoni wa jiji hilo, Soweto Kinch, aliyekuwa amemtangulia na akamshika mkono. Kisha akaenda London, katika chuo cha muziki cha Guildhall, akasomea klarineti ya muziki wa kitaaluma wa Ulaya. Shahada yake ni hiyo. Wakati uleule alikuwa akihudhuria mafunzo ya Tomorrow's Warriors, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1991 na mpiga besi Gary Crosby pamoja na Janine Irons ili vijana, hasa wa jamii za watu weusi, wapate mahali pa kujifunza jazi bila kuzuiwa na umaskini. Mchana alisoma muziki ulioandikwa noti kwa noti, na jioni akajifunza kwa sikio miongoni mwa wenzake. Mtu mwenye malezi ya namna hiyo hafungwi na ala moja. Kuanzia 2010 alikuwa miongoni mwa wasanii chipukizi wa kizazi kipya waliochaguliwa na idhaa ya BBC Radio 3, na kwa mpiga jazi hiyo si nafasi ndogo.

Baada ya hapo ndipo zikaja bendi tatu ambazo aliziongoza au kuzishiriki kwa pamoja. Sons of Kemet ilianza 2011. The Comet Is Coming aliiunda pamoja na mpiga kinanda cha umeme Dan Leavers na mpiga ngoma Max Hallett. Hutchings alikwenda kuwatazama wawili hao wakitumbuiza, akapanda jukwaani na saksofoni yake, na kundi likazaliwa hapo. Ya tatu ni Shabaka and the Ancestors, aliyoiunda na wanamuziki wa Afrika Kusini. Mwaka 2016 The Comet Is Coming iliteuliwa kuwania tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka huko Uingereza, na 2018 Sons of Kemet nayo ikateuliwa. Kuwa na bendi mbili tofauti katika orodha ya tuzo hiyo ndani ya miaka miwili ni jambo la nadra kwa mpiga jazi.

Sasa mwalimu, hesabu mwenyewe. Bendi tatu, kila moja na albamu zake, kila moja na safari zake za Ulaya na Marekani, na katika zote yeye ndiye anayepuliza mstari wa mbele kwa nguvu ile ile iliyowavutia wanafunzi wako. Mwili wa binadamu una mpaka wake. Uchovu haumalizi maelezo yote, lakini anayeuacha nje ya hesabu atakuwa anasimulia nusu ya habari.

---

Mdundo wa Mvita amejibu:

Mwalimu wa Ngamiani, nitalichukua swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalonigusa. Mimi ni mpiga ngoma.

Umesema unasikia vipande vifupi vinavyorudiwa juu ya ngoma mbili. Umesikia sawasawa. Lakini jiulize kwanza ni nini hakimo katika bendi hiyo. Hamna piano, hamna gitaa, hamna besi ya nyuzi. Ipo saksofoni moja au klarineti, ipo tuba moja, ile ala kubwa ya shaba ya kupuliza yenye sauti nzito, na wapo wapiga ngoma wawili. Tuba mwanzoni ilipigwa na Oren Marshall, baadaye na Theon Cross. Ngoma zilianza na Tom Skinner na Seb Rochford, na Eddie Hick akaja kuingia baadaye. Kuchagua ala hizi na kuzinyima nyingine ndio uamuzi wa kwanza wa mtunzi, na uamuzi huo unatawala yote yanayofuata. Pale ambapo katika muziki wa dansi gitaa la kati lingejaza sauti za katikati, hapa pameachwa wazi. Sikio la msikilizaji ndilo linalokisia sauti inayokosekana, kwa kufuata mwendo wa tuba chini na saksofoni juu.

Ukitaka kuuona utunzi wenyewe, usiifuate saksofoni peke yake. Chukua wimbo mmoja, usikilize mara ya kwanza ukiifuata tuba tu, mara ya pili ukimfuata mpiga ngoma mmoja, mara ya tatu mwenzake. Utagundua kwamba wapiga ngoma hawarudii kitu kimoja: huyu anaweka msingi, yule anazungumza juu yake, kisha wanabadilishana bila kutangaza. Tuba nayo mara ni besi, mara inainuka kujibizana na saksofoni. Kile kipande kifupi cha saksofoni kinachorudiwa ndicho kibwagizo kinachowaweka wote pamoja, kama kiitikio cha ngoma za kwetu kinavyomruhusu mwenye kuimba kupotea mbali akijua atapokelewa akirudi. Sauti ya juu inarudiwa ili ya chini iweze kubadilika. Wengi waliozoea kuusikia muziki kutoka juu kwenda chini huona hakuna kinachotokea, kumbe kinatokea pale wasipotazama.

Jambo la pili katika utunzi wake ni namna anavyoutumia wimbo usio na maneno kubeba historia. Albamu ya 2018, Your Queen Is a Reptile, ndiyo ninayowashauri wote waanze nayo. Ilitolewa na Impulse!, lebo (kampuni ya kutoa rekodi) ileile iliyotoa kazi kubwa za John Coltrane, mpuliza saksofoni wa jazi wa Marekani. Ina nyimbo tisa, na kila wimbo una jina la mwanamke mmoja mweusi ambaye mtunzi anamwita malkia wake, badala ya malkia anayetawala kwa kuzaliwa katika nasaba fulani. Kumbukeni kwamba hili linasemwa na mtu aliyekulia Barbados, ambako wakati albamu inatoka mkuu wa nchi alikuwa bado Malkia wa Uingereza. Barbados ilikuja kuwa jamhuri Novemba 2021.

Orodha yenyewe inastahili kusomwa taratibu. Yumo Nanny, aliyewaongoza watu waliotoroka utumwa katika milima ya Jamaika. Yumo Yaa Asantewaa, aliyewaongoza Waasante katika vita dhidi ya Waingereza mwaka 1900. Yumo Harriet Tubman, aliyewatorosha watumwa Marekani, yumo Angela Davis, mwanaharakati wa Marekani, yumo Albertina Sisulu, mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Yumo Anna Julia Cooper, aliyezaliwa mtumwa Marekani akaja kupata shahada ya uzamivu katika chuo cha Sorbonne mjini Paris. Yumo Mamie Phipps Clark, mwanasaikolojia ambaye utafiti wake wa watoto na wanasesere ulitumika katika kesi iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za Marekani mwaka 1954. Yumo Doreen Lawrence, mama wa Stephen Lawrence, kijana aliyeuawa na wabaguzi London mwaka 1993. Na wimbo wa kwanza kabisa, kabla ya hao wote, amepewa Ada Eastman. Huyo hamtamkuta katika kitabu cha historia, kwa kuwa ni mama wa bibi yake Hutchings. Kumtanguliza mzee wa nyumbani mbele ya mashujaa wa dunia, kwangu mimi, ndiko kunakoeleza albamu nzima.

Tofauti za nyimbo hizo pia si za majina tu. Ule wa Harriet Tubman unakimbia, ngoma zinasukumana kwa haraka kama za watu wanaofukuzwa usiku. Ule wa Yaa Asantewaa umetulia zaidi, una uzito wa mwendo wa kifalme. Na katika ule wa Ada Eastman mghani Joshua Idehen ameleta maneno makali ya mtu mweusi anayedai nafasi yake Uingereza. Wapelekee wanafunzi wako nyimbo hizi tatu mfululizo, kisha waulize ala zipi zimebadilika. Watakuta msingi ni uleule wa saksofoni, tuba na ngoma. Kilichobadilika ni utunzi.

---

Binti Sudi wa Lewisham amejibu:

Nimeishi kusini mwa London kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba niongeze jambo ambalo ndugu zangu hapo juu hawajaligusa: Hutchings hakuwa peke yake, na sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa kuwafungulia wengine mlango.

Katika muongo uliopita jiji hili lilipata kizazi kizima cha wanamuziki wa jazi waliopiga mbele ya vijana waliosimama na kucheza, katika kumbi ndogo, ghala na vyumba vya juu vya baa, mbali na vilabu vya meza na vinywaji vya bei kali. Wengi wao walipitia Tomorrow's Warriors, kama yeye. Mwaka 2018 lebo ya Brownswood, ya mtangazaji Gilles Peterson, ilitoa albamu ya mkusanyiko iitwayo We Out Here, iliyorekodiwa kwa siku chache Agosti 2017, na Hutchings ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa muziki wake. Humo wamo Nubya Garcia, Moses Boyd, Theon Cross, Ezra Collective, Kokoroko na wengine. Mnaokumbuka wimbo wa Abusey Junction wa Kokoroko, ambao ulisambaa mpaka kwetu Afrika Mashariki, umetoka katika mkusanyiko huo. Ezra Collective nao, mwaka 2023, wakawa bendi ya kwanza ya jazi kushinda tuzo ya Mercury yenyewe.

Baadaye Hutchings akaanzisha lebo yake, Native Rebel Recordings, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa albamu ya mpuliza saksofoni Chelsea Carmichael, mwaka 2021, ambayo yeye Hutchings aliisimamia kama mtayarishaji. Nalitaja hili kwa sababu linahusu swali la kijana wa Ngamiani. Mtu anapoona kwamba ala aliyoipiga imeshapata wapigaji wazuri walio wadogo kwake, na baadhi amewasaidia kwa mkono wake, ana uhuru ambao mtangulizi aliyebaki peke yake hana. Saksofoni ya London haikubaki yatima alipoondoka.

---

Teno ya Pili amejibu:

Nawaheshimu wote waliotangulia, ila sitaki uzi huu uishie kwa sifa tupu, kwa hiyo nitasema ninachokiona.

Nimepuliza teno kwa muda mrefu wa maisha yangu, na kwangu mimi kuondoka kwa Hutchings katika saksofoni ni hasara. Sauti yake ilikuwa miongoni mwa chache za kizazi hiki ambazo unazitambua kabla jina halijatajwa: ule ukali wa mwanzo wa kila noti, ule mkwaruzo, ile hali ya kuikata noti kabla haijajaa. Hivyo havijengwi kwa mwaka mmoja wala mitano. Filimbi za mianzi alizozichukua anazipiga vizuri, sina ubishi, lakini mtu aliyeanza ala akiwa na miaka thelathini na kitu hawezi kuwa na kina kile kile alichokuwa nacho katika ala aliyokua nayo. Aidha, albamu yake ya filimbi ya 2024 ina wageni wengi mno. Kila wimbo anaingia mtu mwingine, huyu anaimba, yule anaghani, na yeye mwenyewe kuna wakati namtafuta simwoni.

Naongeza pia kwamba ninaona kazi yake iliyo bora kuliko zote ni ile aliyoifanya na Ancestors, ambayo bado haijazungumzwa hapa. Albamu ya kwanza, Wisdom of Elders, ilirekodiwa Johannesburg na kutolewa 2016. Ya pili, We Are Sent Here by History, ikatoka Machi 2020. Humo anapiga na watu kama mpiga tarumbeta Mandla Mlangeni, mpiga kinanda Nduduzo Makhathini katika ile ya kwanza, mpiga ngoma Tumi Mogorosi na mwimbaji Siyabonga Mthembu. Saksofoni yake humo haikimbii. Inasubiri, inamsikiliza mwimbaji, inaingia kama mtu anayeitikia dua. Ukiwa na uwezo wa kupuliza namna hiyo, unahitaji kuacha nini?

---

Mpulizaji wa Ngamiani ameandika:

Nawashukuru nyote. Mdundo wa Mvita, nimefanya ulivyoelekeza, nimeifuata tuba peke yake katika wimbo wa Harriet Tubman, na nakiri kwamba nimeusikia wimbo mpya kabisa.

Kaka Teno ya Pili, hoja yako ina nguvu, na ndiyo iliyo moyoni mwa kijana wangu, ingawa yeye hakuweza kuipanga hivyo. Lakini naomba mwenye kujua zaidi atueleze kuhusu hizo filimbi. Je, kuna kitu ambacho filimbi inampa mtu ambacho saksofoni haiwezi kumpa, au ni mabadiliko ya ladha tu?

---

Santuri za Babu amejibu:

Mwalimu, kipo, na kinaanzia kwenye pumzi.

Filimbi aliyoanza nayo ni shakuhachi ya Japani, aliyoigeukia kwa bidii wakati wa janga la Korona, pale kumbi zilipofungwa na safari kusimama. Ni kipande cha mwanzi chenye matundu matano tu, manne mbele na moja nyuma, na ile ya kawaida ina urefu wa takriban sentimita 54.5. Haina vifungo vya chuma. Haina ule ulimi wa mwanzi unaotetemeka mdomoni kama wa saksofoni na klarineti. Mpulizaji anaielekeza pumzi yake kwenye ukingo uliochongwa, na pembe ya midomo na kichwa chake ndiyo inayoamua noti itakuwa juu kidogo au chini kidogo, safi au yenye upepo ndani yake. Huko Japani ilikuwa ala ya watawa wa madhehebu ya Fuke, waliotembea wakiipuliza kama sehemu ya ibada yao, mpaka serikali ilipoyafuta madhehebu hayo mwaka 1871.

Sasa linganisha na saksofoni. Saksofoni ukiipa nguvu zaidi inakurudishia sauti zaidi. Inamlipa mpulizaji kwa kusukuma. Shakuhachi ukiisukuma inanyamaza. Ukikaza midomo, mabega au kifua, sauti inakatika. Kwa hiyo mtu aliyetumia miaka zaidi ya kumi jukwaani akisukuma pumzi yake yote, usiku baada ya usiku, analazimika kujifunza upya namna ya kusimama, kuvuta hewa na kuiachia. Hilo halihusu ladha, kaka Teno ya Pili. Ni kazi nyingine ya mwili. Mwaka 2022 alitoa kazi fupi iitwayo Afrikan Culture ambamo filimbi ndizo zinazotawala, hivyo mwenye kufuatilia aliona mapema upepo unavuma kuelekea wapi. Mwaka huohuo Sons of Kemet walitangaza kwamba bendi inavunjwa.

Na namna alivyoaga inaonyesha kwamba hakuidharau ala. Desemba 2023, kanisani Hackney, mashariki mwa London, alipiga A Love Supreme ya John Coltrane. Coltrane aliirekodi kazi hiyo Desemba 1964 katika studio ya Rudy Van Gelder, New Jersey. Albamu ya filimbi ya Hutchings, Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace, iliyotoka Aprili 2024, sehemu kubwa yake imerekodiwa katika studio hiyohiyo, wanamuziki wakiwa wamekaa chumba kimoja bila vipokea sauti masikioni na bila kutenganishwa. Wakipiga kwa sauti kubwa hawasikilizani. Kwa hiyo upole unaousikia humo umetokana pia na chumba.

Kuhusu wageni wengi, nakubaliana nawe kwa kiasi. Kuna nyimbo mbili tatu ambazo mimi pia ningependa aachwe peke yake. Lakini sikiliza End of Innocence, ambamo ameirudia klarineti yake ya utotoni pamoja na piano ya Jason Moran na ngoma za Nasheet Waits, kisha uniambie kama kina kimepungua. Sikiliza pia vinubi vya Brandee Younger na Charles Overall vinavyochukua nafasi iliyokuwa ya ngoma mbili: bado kuna wawili wanaojibizana chini yake, ni ala tu zilizobadilika. Na wimbo wa mwisho, Song of the Motherland, anaghani Anum Iyapo, baba yake mzazi, mshairi aliyekuwa ametoa albamu yenye jina hilohilo mwaka 1985. Albamu ya 2018 ilifunguliwa na mama wa bibi. Hii inafungwa na baba. Huyo mgeni mimi siwezi kumwita wa ziada.

---

Teno ya Pili amejibu:

Mzee Santuri, nimeusikiliza End of Innocence tena baada ya kusoma maelezo yako. Nakubali kwamba klarineti ile ni ya mtu aliyekomaa. Msimamo wangu juu ya saksofoni unabaki palepale, kwamba tumepoteza, lakini hoja ya pumzi sikuwa nimeipima. Mwenyewe ninajua mabega yanavyokuwa baada ya saa mbili za kupuliza katika harusi.

---

Mdundo wa Mvita amejibu:

Mwalimu, kwa kuwa una wanafunzi mkononi, nakuachia zoezi moja linalotokana na malezi ya Hutchings, nililowahi kulitumia na wapulizaji ninaopiga nao.

Yeye alijifunza mwendo wa sentensi kwa kupuliza juu ya wachanaji wa Marekani. Vijana wako wana hazina iliyo karibu zaidi. Chukua ubeti mmoja wa shairi la kimapokeo, wenye mizani 16 kila mstari, nane kwa nane, wausome kwa sauti mpaka waujue. Kisha wape noti moja tu ya saksofoni, na waupulize ubeti mzima kwa noti hiyo, kila silabi kwa pigo lake la ulimi, wakikata pumzi penye kituo cha katikati na mwishoni. Usiwaruhusu noti ya pili mpaka msikilizaji anayelijua shairi aweze kulitambua. Wakifika hapo, waongezee noti ya pili, na ya tatu, na mwenzao mmoja apige ngoma upande wa pili bila kuufuata ubeti.

Wakishazoea, wawekee tena wimbo wa Yaa Asantewaa na uwaambie waisikilize saksofoni kama mtu anayesema. Yule kijana aliyeuliza kwa nini ala iliwekwa chini, mpe na klarineti kwa zoezi hilohilo, akiupuliza ubeti kwa sauti ya chini kabisa anayoiweza bila noti kukatika. Atagundua mwenyewe ni lipi gumu zaidi kati ya kupuliza kwa nguvu na kupuliza kwa upole, na wewe utuandikie hapa alichokisema.